Penye Udhia, Tupenyeze Rupia?

Wazee wetu walituachia methali nyingi za kutuadilisha, na chache za kutuonyesha tu jinsi watu walivyo. Mojawapo ya hizo chache ni hii isemayo, "Penye udhia penyeza rupia." Rupia zenyewe zilikwisha zamani, ila methali haijazeeka. Leo twapenda kuipima kwa jambo moja la mitaani. Umeme unapokatika kwa kuharibika mitambo, na mafundi ni wachache, je, ni halali kumpa fundi "chai" ili aanze na mtaa wetu?

Kwanza yafaa tuelewe ni kitu gani kinachoharibika. Umeme husafirishwa kutoka mbali ukiwa na nguvu kubwa mno. Ukikaribia mji huingia katika kituo cha kupozea, na kutoka hapo hupita katika laini za volti 33,000 au 11,000 mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hiyo huuteremsha hadi volti 400, na nyumba ya kawaida hupata 230. Ndani yake mna mafuta yanayopunguza joto na kuzuia umeme usiruke mahali pasipotakiwa. Mafuta yakivuja au yakiibwa, maji yakipenya, radi ikipiga, au watu wakizidisha mzigo, transfoma huungua. Wakati mwingine hata hapana mtu wa kulaumiwa. Tarehe 7 Juni 2016 nchi ya Kenya ilikosa umeme kwa saa kadhaa kwa sababu ya tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Tumbili mwenyewe alipona.

Kwa kuwa mambo yamefungamana hivyo, mafundi hutengeneza kutoka juu kwenda chini: kituo kwanza, kisha laini kubwa, kisha transfoma za mitaa, na mwisho waya wa nyumba moja moja. Haifai kushughulikia tawi wakati shina limekatika. Na ikiwa mitaa miwili imeharibikiwa sawasawa, busara yataka waanze penye hospitali, penye pampu ya maji, au penye watu wengi zaidi. Huo si upendeleo, ni hesabu.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea rupia, maana si watu wabaya, na wengi ni majirani zetu.

Wa kwanza husema, "Fedha ni zangu, wala sikumnyang'anya mtu." Lakini na tutazame rupia ile hufanya kazi gani. Haiongezi fundi, wala nguzo, wala transfoma. Tarehe 10 Desemba 2009 kisiwa cha Unguja, kilichokuwa kikipata umeme kutoka bara kwa njia ya waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kiliingia gizani, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Wenye fedha waliweza kununua jenereta, lakini hapakuwa na rupia ambayo ingepenyezwa kwa fundi ikaleta umeme katika kichochoro kimoja tu. Ndipo twaona ukweli wake: rupia hufaa pale tu ambapo yuko mtu nyuma yetu wa kurudishwa nyuma zaidi. Tunachonunua si umeme. Tunanunua zamu ya jirani, tena kutoka kwa mtu ambaye si mwenye zamu hiyo. Wenzetu waliopata kusimamia foleni ya uji katika shule ya bweni wanalijua jambo hili: mtoto akiwahonga wapishi ili atangulie, sufuria haijai zaidi, bali wa mwisho hupata ukoko.

Wa pili husema, "Ile ni shukrani tu. Fundi amepanda nguzo usiku, na mvua inanyesha." Naam, fundi anastahili shukrani, na ni aibu mtu kutupandia nguzo akashuka asipate hata maji ya kunywa. Lakini shukrani hufuata kazi. Ikiitangulia kazi, tena ikiwa na sharti ndani yake, hiyo ni bei. Na bei ikishajulikana, fundi aliyekuwa mwaminifu hujifunza kungoja, na mtaa usio na kitu hujifunza kukata tamaa. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Haifai basi tumsute fundi peke yake, na mkono uliompa ni wetu.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Husema, "Mimi nina mgonjwa. Dawa yake ya sukari imo ndani ya friji. Je, ningoje zamu nimwache afe?" La hasha! Mwenye haja kubwa ana haki ya kutangulia, na utaratibu usiomwona mgonjwa ni utaratibu mbovu. Lakini haki hiyo inatokana na ugonjwa, si rupia. Kwa hiyo aiseme wazi, ofisini na mbele ya majirani, nao majirani wamsaidie kuisema, na huku nyuma mwenye friji inayofanya kazi aipokee dawa ile. Hapa ndipo twapata kipimo cha kupambanua ombi na hongo: je, waweza kuyatamka maneno yako mbele ya wote walio katika foleni? Mwenye mgonjwa aweza. Mwenye rupia hunong'ona.

Tena lipo kosa jingine la namna hiyo hiyo, ambalo wengi hawalihesabu kuwa kosa. Mtu huunganisha jenereta yake katika waya za nyumba bila swichi ya kuitenga nyumba na laini ya mtaa. Umeme wake hutoka nje, huingia katika transfoma kwa mlango wa nyuma, na transfoma ile ile iliyozoea kuteremsha sasa huupandisha kufikia maelfu ya volti. Huko juu ya nguzo yuko fundi anayeamini kwamba laini imekufa. Hivyo mtu aliyetafuta mwanga wa nyumba yake peke yake aweza kumwua yule anayetafuta mwanga wa wote. Mwenye jenereta asiiwashe kabla fundi wa kweli hajaikagua.

Basi twashauri hivi. Kila mtaa, wakati umeme ungali ukiwaka, uwachague watu wawili wanaoaminika wa kupeleka taarifa za hitilafu, ili ofisi isipigiwe kelele na watu mia. Watu hao wawe na orodha ya nyumba zenye wagonjwa na watoto wachanga, na ofisi ipewe nakala yake. Siku ya giza, orodha hiyo ndiyo itangulie, na sisi wengine tungoje zamu yetu.