Barua za fildi na majibu yasiyokuja

Juzi baada ya Isha, kijana mmoja wa chuo kikuu alibaki msikitini na bahasha yake ya kaki. "Ustadhi, nimepeleka barua 11 kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Ofisi 3 zimenikataa. Hizo 8 zilizokaa kimya ndizo zinazoninyima usingizi." Ameanza kujiona hafai, na nyumbani anakwepa kuulizwa.

Nikamkumbusha Nabii Musa (a.s.), kama tunavyosoma katika Suratul Qasas. Aliingia Madyan mkimbizi, hana kazi wala ndugu. Akawanyweshea mabinti wawili mifugo yao, akajitenga kivulini, akamweleza Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote. Musa huyo, na ukubwa wake wote, hakuona aibu kusema ana shida! (Sisi vijana wetu tumewazoesha kuficha.) Ndipo akaitwa kwa baba wa mabinti wale. Na tazameni adabu ya mzee yule: kabla ya kuzungumzia ajira ya miaka 8, au 10 akipenda mwenyewe, alimsikiliza kisa chake na kumtoa hofu.

Kijana alipoondoka, nafsi ikanisuta. Katika droo ya ofisi yangu zimo barua kama zake, za miezi mingi. Nilijidanganya kuwa kunyamaza ni kumstahi mwombaji.

Jumatatu nikazitoa. Zilikuwa 6. Nimezijibu zote, 5 kwa kukataa, maana meza iliyo wazi ni moja. Mmoja wa niliowakataa alinipigia simu kunishukuru.