Shamba Lenu ni la Nani?

Wapendwa wanandoa, siku ya harusi padre aliwauliza kama mmekuja kwa hiari yenu na kama mtawapokea watoto kwa upendo. Hakuwauliza hati ya shamba itaandikwa jina la nani. Katika nyumba nyingi za Tseikuru swali hilo huja wakati mnunuzi amekwisha kutoa arbuni, na hapo vita huanza.

Kumiliki mali ni kuwa na haki kadhaa juu yake: kuitumia, kula mazao yake, kumzuia mwingine asiiguse, kuiuza, kuirithisha. Haki hizo zaweza kutengana. Baba mwenye jina kwenye hati anaweza kuwa na haki ya kulima asiwe na haki ya kuuza peke yake. Ndipo wanapokosea wengi wanaosema, "Jina ni langu, basi."

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema vingine. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ameishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe sivyo. Katika ndoa ya mke mmoja kama yenu, nyumba mnamoishi na mali nyingine ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya wote wawili.

Utasema, "Shamba hili nilirithi kabla ya kuoa." Ni kweli, urithi wa namna hiyo si mali ya ndoa. Lakini ni nani aliyechimba matuta ya kuzuia maji ya mvua? Nani alipalilia ndengu, mtoto akiwa mgongoni? Aliyeliboresha shamba hupata haki kwa kadiri ya mchango wake, na sheria huhesabu kulima, kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango, si fedha tu. Mbuzi wa ntheo uliowapeleka kwa wazazi wake hawakununua jasho lake.

Nawe mama, usishangilie mapema. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba si kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Ndoa ikivunjika, kila mmoja huonyesha mchango wake. Na kiwanja ulichonunua kwa siri kwa fedha za chama kiko chini ya sheria ile ile.

Kuuza shamba la familia kwa siri ni kuvunja Amri ya Saba, hata ukiwa na hati mkononi. Nabothi alinyang'anywa shamba lake kwa barua zenye muhuri wa mfalme. Muhuri haukuondoa wizi. Hata Anania na Safira, pamoja na uongo wao wote, waliuza kiwanja wakijuana! Na yule mke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 hulitazama shamba na kulinunua.

Zungumzeni mapema, watoto wakiisha kulala. Mkiamua kuandikisha majina yote mawili, ulizeni katika ofisi ya ardhi mnaandikishwa kwa namna gani. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifa anayebaki hupata yote. Katika umiliki wa mafungu, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake, na mabinti walioolewa wamo. Nendeni wote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake.