Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 15: Hatua Tatu za Ukutani



Jana baada ya tarawehe mama mmoja alinisimamisha mlangoni, mwanawe wa miaka 4 yuko mgongoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Kabla ya Ramadhani alishaanza kushika ukuta na kupiga hatua tatu. Sasa wiki mbili hajapelekwa mazoezi. "Shekhe, nimefunga, mtoto mzito, daladala mbili. Na majirani wanasema ni jini, eti napoteza nauli bure."

Ndugu zangu, hili si jini. Ubongo wa mtoto uliumia: akiwa bado tumboni, au wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au baadaye kwa maradhi kama homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini misuli isiyotumika hukaza na viungo hupinda. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo humrudisha mtoto palepale: inuka kwenye kigoda, simama, egemea mguu huu, piga hatua. Leo, kesho, keshokutwa. Si kila mtoto atatembea peke yake. Mwingine atatembea na fremu, mwingine atahitaji kiti cha magurudumu. Lakini hata kuweza kusimama akivishwa nguo ni neema kubwa.

Sisi hesabu hii tunaijua. Msahafu tunauhitimisha kwa juzuu moja kila siku. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anapenda amali inayodumu, japo ni ndogo.

Tukumbuke pia: watu wa Madina waliacha kula daku kwa adhana ya Ibn Umm Maktum (r.a.), naye alikuwa kipofu. Mtume hakumficha ndani. Alimpa kazi ambayo mji mzima uliitegemea.

Basi tufanye nini? Mwenye bajaji, mpeleke mama huyu kliniki japo mara moja kwa wiki. Mwenye sadaka, toa nauli. Baba, usimwachie mama mzigo wote. Baada ya alasiri, dakika 20 tu, mshike mwanao mikono mfanye yale mliyofundishwa kliniki. Jirani, hayo maneno ya jini yaache. Na mtoto akija msikitini na fremu yake, tumpishe njia.

Ya Allah, wape nguvu watoto hawa, na usituandike miongoni mwa waliowaona wakageuza nyuso. Amin.

Wabillahi tawfiq.