Saa Thelathini na Amana ya Kalamu



Marekani kuna sheria ya mwaka 2007 inayomfutia mkopo wa masomo wa serikali mtu aliyeutumikia umma. Anatakiwa alipe marejesho 120, sawa na miaka 10, na katika kila mwezi unaohesabiwa awe ameajiriwa na serikali au na shirika lisilo la faida kwa wastani wa saa 30 kwa wiki au zaidi. Mwajiri hutia sahihi kuthibitisha. Deni linalobaki baada ya hapo husamehewa.

Binamu yangu, aliyehamia Ohio na wazazi wake, anafundisha shule ya Kiislamu huko kwa saa 28. Mkuu wake, kwa huruma, yuko tayari kuandika 30. Hoja yake ni kwamba Jumamosi binamu huwatembelea wagonjwa bila malipo, basi saa hizo zijaze pengo. Lakini sheria inahesabu saa za ajira, si za kujitolea. Binamu akaniuliza: kuna ubaya gani?

Nilianza na mpaka wenyewe. Je, ni dhulma saa mbili kumtenga mtu na msamaha? Sisi tunaosoma fiqhi hatuna haki ya kushangaa. Zaka ina nisabu, na mali ikipungua kidogo tu wajibu haupo. Kupunguza swala safarini kuna masafa yake. Popote utakapowekwa mpaka, yupo atakayebaki hatua moja nje. Haki inadai mpaka ujulikane mapema, uwe sawa kwa wote, na urekebishwe unapoonea.

Na huu umerekebishwa. Tangu Julai 2023, mhadhiri anayelipwa kwa idadi ya krediti anazofundisha huhesabiwa angalau saa 3.35 kwa kila krediti, kwa kuwa kuandaa somo na kusahihisha nayo ni kazi. Mwenye krediti 9 anafikisha saa 30.15. Zamani saa za kufundisha dini na kuongoza ibada zilitolewa katika hesabu. Siku hizi zinaingia. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba sheria inamchukia mwalimu wa dini.

Baki ni kalamu. Wapo wenzetu watakaosema: mkopo wenyewe una riba, na serikali si ya Kiislamu, kwa hiyo kuidanganya si dhambi kubwa. Siikubali hoja hii. Ubaya wa riba hauhalalishi uongo. Madhambi mawili hayafutani. Na kuhusu mwenye mali kutokuwa Mwislamu, tukumbuke usiku wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alimwacha Ali (R.A.) Makka arudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa kaumu iliyokuwa ikimtafuta imuue. Kama kuna siku ya kusema "hawa hawastahili uaminifu", ilikuwa ile. Hakusema.

Tena Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Saa ni kipimo kama kibaba. Anayeandika 30 kwa 28 anajazia kibaba chake kwa mali ya walipa kodi wote, akiwemo Mwislamu mwenzake anayelipa deni lake hadi senti ya mwisho.

Nilimjibu binamu hivi: sheria hiyo hiyo inaruhusu kujumlisha saa za waajiri wawili wanaostahiki. Tafuta saa mbili za kweli, hata katika maktaba ya umma. Miezi iliyopungukiwa haifuti iliyotimia, kwa sababu marejesho 120 si lazima yafuatane. Utachelewa, hutapotea.

Na zile Jumamosi za wagonjwa? Asiziingize katika fomu ya mtu yeyote. Serikali inahesabu saa, Mwenyezi Mungu anapima nia. Ukiiuza ibada yako kwa ajili ya deni, unaweza kulipata punguzo ukakosa thawabu.

Ndugu zangu, fomu za Marekani ziko mbali, lakini karatasi ya mahudhurio iko hapa chuoni, na daftari la mafunzo ya vitendo liko hapa. Anayemtilia rafiki sahihi ya kipindi asichohudhuria anafanya kile kile alichotaka kukifanya mkuu wa binamu, tena kwa huruma ile ile. Tuanze uaminifu kwenye kalamu zetu.

Wabillahi tawfiq.