Nafasi ya Kusema Hapana

Hakuna anayeombwa figo waziwazi. Ndugu hukusanyika sebuleni, mgonjwa amejipumzisha chumba cha pili baada ya kutoka kusafishwa damu, na mjomba mkubwa anaeleza alichosema daktari: figo zote mbili zimeshindwa kazi, mashine si ya kutegemea miaka yote, na anayefaa kumchangia ni ndugu. Kisha ananyamaza. Macho yanaanza kuzunguka. Mama ana presha, anapitwa. Kaka mkubwa ana watoto wanne na ndiye anayelisha nyumba mbili, anapitwa. Yanatua kwa binti wa miaka 26 ambaye hajaolewa, hana kazi ya kudumu, na kundi lake la damu linajulikana kuwa sawa na la mgonjwa. Anainamisha kichwa, anasema atatoa. Wazee wanamshukuru Mungu.

Je, binti huyu ametoa zawadi, au amelipa deni ambalo hakulikopa?

Silaumu familia. Aliyewahi kuishi na mtu wa kusafishwa damu anajua ni maisha gani. Mara tatu kwa wiki, kwa kawaida saa nne kila mara, damu inatoka mwilini, inapita kwenye mashine na kurudi. Mkononi mshipa umeunganishwa kwa upasuaji na ateri, na ukiugusa unasikia mtetemo usiokoma. Siku za katikati mgonjwa anapimiwa maji kwa kikombe kwa sababu mkojo hautoki, na maji ya ziada yakijaa yatamfikia mapafuni. Parachichi na ndizi anakula kwa hofu ya potasiamu. Nauli ya siku tatu, kazi anayoikosa siku tatu, na gharama ya huduma kama bima haimfikii. Mbele ya haya yote figo moja, kitu kisichozidi ngumi ya mtu mzima, inaweza kumrudishia mkojo ndani ya siku chache, na baadaye kazi na safari. Anayempenda mgonjwa atamtazama tu kila mtu pale sebuleni. Atafanya nini kingine?

Madaktari wetu wamefika mbali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo Mtanzania aliyehitaji figo alipelekwa India, au alibaki na mashine. Kenya ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi. Lakini pande zote mbili figo hutoka karibu zote kwa watu walio hai, na kwa kawaida walio hai hao ni ndugu. Tukizungumzia ukosefu wa usawa katika tiba hii tunakimbilia fedha, na fedha ni kweli. Ila kabla ya fedha kuna ukoo. Yatima hana sebule ya kukalia. Aliyezaliwa pekee, mkimbizi, mtu ambaye ndugu zake wote wana kisukari kama yeye, hao wamefungiwa mlango hata kama serikali ingewalipia kila shilingi. Penye orodha ya taifa ya wanaosubiri figo za waliofariki, mzigo huo unagawanywa kwa umma. Kwetu orodha ni familia yako, na uzito wote unaangukia kichwa kimoja.

Na kichwa hicho mara nyingi ni cha mwanamke. Ukijumlisha nchi nyingi za dunia, wanawake ni karibu sita kati ya kila kumi wanaotoa figo wakiwa hai, huku wapokeaji wengi wakiwa wanaume. Sababu nyingine ni za kitabibu: mwanamke aliyezaa anaweza kuwa na kingamwili zinazokataa figo ya mumewe au ya mwanawe, hivyo yeye ni vigumu zaidi kumpatia. Hizo hazielezi hesabu yote. Mume akiugua, mke anaonekana ana wajibu. Mke akiugua, mume anaonekana ana familia ya kulisha. Mwili wa mwanamke umezoeleka kuwa wa kutoa, kiasi kwamba akitoa tena hakuna anayeshtuka.

Hapo ndipo ninapokutana na suala la kuuza. Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitoa uchunguzi kuhusu vijana wa magharibi mwa Kenya waliouza figo kwa wagonjwa kutoka nje, wakiwemo Waisraeli na Wajerumani. Mmoja, wa miaka 22, alieleza kwamba aliahidiwa dola 6,000 akapewa 4,000, wakati wapokeaji walisemekana kulipa hadi dola 200,000. Biashara hii imekatazwa karibu duniani kote isipokuwa Iran, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008 liliilaani kwa uwazi. Wapo wanaoitetea: mwili ni wake, ni mtu mzima, mnamzuiaje kujikwamua? Hoja hiyo siidharau. Lakini namuuliza yule kijana swali lilelile la binti wa sebuleni: ungeweza kukataa? Njaa nayo ni mzee wa kikao. Haipigi kelele, inakutazama tu.

Ndiyo maana naona tumekosea mahali pa kuchora mstari. Tumeuchora kati ya fedha na upendo, tukasema penye fedha pana uovu na penye upendo pana usafi. Mimi ningeuchora kati ya anayeweza kukataa na asiyeweza. Kutoa kunapata maana yake kutokana na kutokutoa kulikokuwa kunawezekana, mlango ukiwa wazi na mtu akauona na asitoke. Mlango ukifungwa, hata kwa machozi ya mama, kinachobaki ni uchukuzi wenye adabu.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulilijua hili. Ni Boston, Desemba 23, mwaka 1954. Daktari Joseph Murray, aliyekuja kupewa Nobeli mwaka 1990, alimpandikizia Richard Herrick figo iliyotolewa kwa pacha wake Ronald. Madaktari walihangaika kabla ya upasuaji, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wanampasua mtu mzima wa afya kwa faida isiyokuwa yake, na wakawaomba ushauri hata viongozi wa dini. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia upasuaji Richard alimpelekea nduguye kijikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani, naye Ronald akamjibu kwamba yupo na habanduki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Mimi nakithamini kile kijikaratasi kuliko kisu. Mgonjwa ndiye aliyekuwa na haki ya mwisho ya kumfungulia ndugu yake mlango, na akaufungua akijua anaweza kufa kwa kufanya hivyo.

Si kila mgonjwa ana nguvu hizo, wala hatuwezi kumdai. Kwa hiyo katika hospitali nyingi duniani imezoeleka njia nyingine. Mchangiaji anahojiwa peke yake, bila mume, bila mjomba. Akisema kwamba moyoni hataki, daktari anawaambia ndugu kwamba vipimo vimeonyesha hafai, basi. Hataji zaidi. Wapo wanamaadili wanaokereka: daktari anadanganyaje? Mimi naona hajadanganya sana, kwa sababu asiyetaka kweli hafai, na pia anamsitiri mtu dhidi ya hasira ya ukoo mzima. Katika jamii kama zetu, ambako aliyekataa figo anaweza kuzikwa bila watu, sitara hiyo ndiyo uhuru wenyewe. Marekani imekwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2007 kila kituo kinachopokea wachangiaji hai kinatakiwa kuwa na mtetezi wa mchangiaji, asiyehusika na tiba ya mpokeaji.

Hata figo iliyotolewa kwa moyo mweupe haiishi kudai. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi humfunga aliyepokea arudishe, na watafiti Renée Fox na Judith Swazey wakaona kwa wagonjwa wa figo jinsi zawadi isiyorudishika inavyoweza kugeuka kuwa utumwa. Kaka aliyepewa figo na dada yake atamkatalia nini tena? Na dada akimwona kaka anakunywa pombe, anaona anaharibiwa kiungo chake. Haya hayaandikwi kwenye fomu ya ridhaa.

Dawa ya mgandamizo huu, kwa maoni yangu, ni wafu. Hispania, yenye sheria ya upandikizaji tangu mwaka 1979, ilipata mwaka 2023 zaidi ya wachangiaji 48 waliofariki kwa kila watu milioni moja. Wengi wetu tunadhani dini ndiyo kikwazo, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikubali upandikizaji Jeddah mwaka 1988 kwa masharti, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu mwaka 2000. Kinachokosekana ni vitanda vya wagonjwa mahututi, maabara inayofanya kazi usiku wa manane, mratibu wa kuzungumza na waliofiwa kwa heshima, na sheria ya kuwalinda wote. Hivyo hujengwa. Mgeni aliyefariki hamtazami mtu, wala hadai kurudishiwa.

Hadi hapo tutaendelea kuwaomba walio hai, na wapo watakaotoa kwa furaha ya kweli. Wao ndio tunaowasahau. Mpokeaji atafuatiliwa kliniki, atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo maisha yake yote, na akizikosa kwa sababu bima imekwisha figo hiyo itakufa. Mchangiaji anaondoka na kovu ubavuni na figo moja, kurudi shambani au gengeni. Anastahili kupimwa presha, mkojo na kreatinini kila mwaka hadi uzeeni bila kulipa senti, na haki hiyo isikatwe hata kama figo aliyoitoa haikumaliza mwaka wa pili.