Nguvu za Mwanamke ni za Nani?

Tarehe 22 Agosti 2021, katika Ikulu ya Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliwapongeza vijana wa kiume wa timu ya taifa ya chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA. Katika hotuba hiyo akawagusia wanawake wanaocheza kandanda: kwamba vifua vyao vimekuwa bapa, mtu aweza kuwadhania wanaume, na ndoa kwao imekuwa kama ndoto. Tumtendee haki: alikuwa pia na wasiwasi wa kweli, akauliza wataishi maisha gani miguu ikishachoka. Lakini wale vijana waliokuwa mbele yake nao miguu yao itachoka, na ndoa zao hazikuulizwa.

Simsimangi mtu. Yaliyosemwa Ikulu ndiyo yasemwayo barazani kwetu kila jioni, kahawa mkononi. Nilitakalo ni kujua tunachokichukia hasa.

Si nguvu. Apitaye njia ya Tukuyu kwenda Mbeya huwaona wanawake wamejitwika mikungu ya ndizi. Kwenye miteremko ya Uporoto wanalima viazi. Mufindi, mkoani Iringa, wanachuma chai na kapu mgongoni tangu umande. Mabega yao yamekomaa, viganja vimekakamaa, wala sijasikia mtu akilalamika kwamba wamepoteza uzuri. Sisi wa pwani twamjua sana msichana wa Iringa. Tumemwajiri miaka mingi atupikie, atufulie, atulelee watoto, na tukamsifu kuwa ni hodari. Msichana huyo huyo akivaa bukta akaingia uwanja wa Samora, uhodari wake wageuka aibu, na lugha imekwisha kumwandalia jina: jikedume. (Mwanamume mwenye nguvu huitwa dume, basi, na neno hilo ni sifa.)

Naona basi kwamba nguvu za mwanamke twazikubali maadamu zina mwenyewe mwingine: mume, mtoto, tajiri wa shamba. Mchezo haumletei mtu ndoo ya maji. Achezaye anazitumia nguvu zake kwa furaha yake, na hapo ndipo tunapohisi tumeibiwa.

Yupo atakayenijibu kwamba watu huwapenda washindi, na wanaume ndio washindi. Nimeipima hoja hiyo, haisimami. Theresia Dismas alitwaa medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 1965, miaka tisa kabla ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Rekodi ya dunia ni kubwa kuliko fedha ya Afrika, sibishi. Ila tofauti ya ukubwa haitoshi kueleza kwa nini Bayi anajulikana hata na watoto, na Dismas hajulikani hata na wazee. Mwaka 1980 huko Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha. Mwinga Mwanjala alikimbia mita 800 katika michezo hiyo hiyo. Jina lake lasikika kama la watu wa Rungwe na Kyela. Ni nani kule amtajaye?

Tazameni pia Mbeya City. Msimu wa 2013/14, mara tu ilipopanda Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu. Haikutwaa ubingwa, na uwanja wa Sokoine ulifurika hata hivyo, mashabiki wakaifuata timu mikoa ya mbali. Wanaume walipendwa kwanza, ushindi ukasubiriwa. Wanawake wanatakiwa washinde kwanza; na Oktoba 2021, haijapita miezi miwili tangu hotuba ile, Twiga Stars ilitwaa kombe la COSAFA huko Afrika Kusini, ikiifunga Malawi bao moja kwa bila. Mjadala wa vifua haukukoma.

Hata majina yanasema. Timu ya wanaume ni Taifa Stars, ya wanawake ni Twiga. Twiga ni mnyama wa taifa, sikatai, lakini nashuku aliyechagua alikuwa akiiwazia shingo na mwendo wa maringo, kama tulivyozoea sisi washairi. Angekwenda Ruaha, hapo hapo Iringa, akamwona twiga akikimbia. Na awaulize askari wa hifadhi teke lake humfanya nini simba.