Nikiamshwa Usiku, Niamke?

Mdogo wangu amepata nafasi katika shule ya bweni ya mkoani. Jumapili iliyopita tulikuwa uani kwetu Buyenzi. Mama alikuwa anachambua ndagala, na yeye alikuwa anaandika jina lake kwenye ndoo, sahani na shuka zake. Bila kuinua kichwa akaniuliza: "Kaka, wakija kuniamsha usiku, niamke?"

Nilijifanya sikusikia. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Asiyesoma Burundi huenda asielewe alichokuwa akiniuliza. Kwetu kuna desturi inayoitwa kwa Kirundi kunyuzura. Mwanafunzi mgeni, awe wa sekondari au wa chuo kikuu, huamshwa na waliomtangulia, akaimbishwa, akapigishwa magoti, akaulizwa maswali yasiyo na jibu, akachekwa. Mara nyingine mambo huishia hapo. Mara nyingine hufuata maji, matope na makofi. Baada ya siku kadhaa hutangaziwa kwamba sasa amekuwa mtu. Mwaka unaofuata, naye huwaamsha wengine.

Watetezi wa desturi hii si wajinga, na hoja yao kubwa inastahili kusikilizwa. Wanasema: mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima, aliyetoka Kirundo na aliyetoka Makamba, wote hupiga magoti kwenye sakafu ile ile. Aibu iliyogawanywa sawa huzaa undugu. Nimewaona marafiki wa miaka mingi ambao urafiki wao ulianzia usiku wa namna hiyo, na bado wakikutana huanza na kicheko cha usiku ule. Hilo siwezi kulikana.

Hoja yao ya pili ni dhaifu zaidi, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba hii ni mila yetu, kwamba Mwafrika haingii popote bila kupitishwa. Mila ipi? Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964 kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, miaka miwili tu baada ya uhuru, na kikapata jina lake la sasa mwaka 1977. Majengo ya Kiriri, kule mlimani yanakotazama Ziwa Tanganyika, yalijengwa na Wajesuiti miaka ya 1950 yakiwa shule ya sekondari ya Roho Mtakatifu. Elimu hiyo ilikuja na madawati yake, lugha yake, shahada zake, na pia utani wa wanafunzi wake. Huko Ubelgiji wanafunzi wapya wa vyuo vikuu wamekuwa "wakibatizwa" na wakubwa wao kwa muda mrefu, na mgeni huitwa bluu, jina lile lile tunaloitana sisi. Tumelipa jambo hilo jina la Kirundi, basi tukadhani lilizaliwa kwetu.

Kama tunataka kujua Warundi walivyompitisha mtu, tuwaangalie bashingantahe. Mtu hakuingia katika baraza lao kwa kudhalilishwa. Wazee walimtazama kwa miaka: anasemaje ugomvi ukizuka, anakula na nani, anasema kweli hata ikimgharimu? Siku ya kuvishwa heshima hiyo, mchana, mbele ya watu wa mlima wake, alikula kiapo na kuwanywesha pombe waliohudhuria. Na ndugu zetu wa pwani, ambao Kiswahili chetu kimetoka kwao, wana jando. Najua kuna atakayenikumbusha kwamba jandoni kuna maumivu. Ni kweli. Lakini mwali ana kungwi. Kungwi anajulikana kwa jina, na wazazi wa mtoto wanamjua. Mwali akidhurika, kuna mtu wa kuulizwa. Je, yule anayemulikwa tochi usoni saa saba za usiku, asione ni nani anayemwamuru, kungwi wake ni nani?

Hapo ningeweza kuishia, nikiwa upande wa wema. Lakini kuna jambo moja ambalo mdogo wangu halijui.

Nilinyuzurwa nikiwa na miaka kumi na mitatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Tulikuwa wageni kama ishirini. Tuliimba, tukafagia sakafu kwa mashati yetu, tukajitukana wenyewe kwa sauti ya pamoja. Mmoja wetu, mtoto mdogo wa umbo, kitanda chake kikiwa karibu na mlango, hakuamka. Alisema tu, kwa adabu, "Nimechoka, nitaimba kesho," akajifunika tena. Wale wakubwa walisita. Nadhani walikuwa hawajawahi kujibiwa hivyo na hawakujua wafanye nini. Aliyekwenda kumvuta blanketi hakuwa mmoja wao. Alikuwa mimi, na shati langu chafu mkononi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nimemkasirikia yule mtoto kuliko nilivyowakasirikia walionitesa, kwa sababu alionyesha kwamba ilikuwa inawezekana kukataa. Kama yeye aliweza kubaki kitandani, basi mimi nilikuwa nimepiga magoti bure. Ilibidi naye apige, ili magoti yangu yapate maana.

Ndiyo maana ile hoja ya undugu hainiridhishi tena. Undugu ulikuwepo kweli usiku ule. Tulikuwa kumi na tisa, tumeungana dhidi ya mmoja.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mara nyingi tunainukuu fikra hiyo tukiwaza mema tu. Lakini mazoea hayachagui. Kila usiku wa kunyuzura ni zoezi, na mazoezi yake ni haya: kufungua mlango unapogongwa, kusimama mahali unapoambiwa usimame, kutouliza aliyekutuma ni nani, na kumchukia asiyesimama.

Sasa niseme jambo ambalo katika kampasi zetu husemwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1972, katika mauaji ambayo Warundi wanayaita ikiza, wanafunzi wengi Wahutu wa chuo kikuu walikamatwa, wakapakiwa kwenye malori, wala hawakurudi. Juni 1995, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanafunzi Wahutu waliuawa usiku katika kampasi ya Mutanga, na miongoni mwa waliowashambulia walikuwemo wanafunzi wenzao. Na si Wahutu peke yao walioonja hayo katika nchi hii: Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichomwa moto.

Sisemi kwamba kunyuzura ndiko kulikoleta haya. Itakuwa kuwatukana wafu kudai kwamba walikufa kwa sababu ya mchezo wa bwenini. Walikufa kwa sababu ya siasa, ya serikali, ya jeshi, ya chuki iliyopangwa na watu wazima. Ninachosema ni kidogo zaidi: mabaya hayo yalipofika mlangoni, yalihitaji watu waliozoea kusimama wanapoambiwa, na wengine waliozoea kuwavuta wasiosimama.

Iko pia shule moja ambako amri hiyo ilitolewa na haikutiiwa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi hawakujitenga. Wanafunzi 40 waliuawa.

Mwenzangu mmoja darasani aliisoma rasimu ya insha hii akaweka alama ya kuuliza hapo. Aliniambia: "Unaona mfano wako unakokupeleka? Waliokataa walikufa. Unataka kumfundisha mdogo wako kufa?" Tulibishana njia nzima tukishuka kwa miguu kuelekea mjini, na sikushinda. Ana haki. Kukataa hakukuwaokoa wale vijana, na anayehubiri ukaidi akiwa salama mezani kwake ana deni kwa wale wanaoulipia. Tena, bluu anayegoma kuimba hakabiliani na bunduki. Huenda anakabiliana na watu wanaotaka tu kucheka, na kugoma kwake ni ugumu wa kichwa usio na faida.

Lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba swali lake halikugusa kilichonisumbua. Mimi sitafuti njia ya kunusurika. Nauliza mtu anakuwa nani akiisha kuzoea. Vijana wa Buta hawakupewa muda wa kufikiri juu ya maadili. Walichofanya alfajiri ile lazima kilikuwa kimeshakuwa ndani yao tangu zamani, katika namna walivyokula, walivyolala na walivyoitana. Sisi tunawapa wageni wetu nini cha kuzoea katika juma lao la kwanza? Sidhani inatakiwa kazi kubwa. Mgeni anaweza kupokewa mchana. Anaweza kubebewa godoro. Anaweza kuonyeshwa maktaba, bomba lisilokauka na mama anayeuza maharage kwa mkopo, na kupewa mkubwa mmoja mwenye jina, atakayeulizwa akidhurika. Na utani uwepo, maana vijana bila utani ni wagonjwa. Ila uwe utani ambao anayetaniwa anaweza kuujibu.

Jana jioni nilimweleza mdogo wangu habari ya blanketi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisimulia. Alinisikiliza huku akijaribu kufuli la sanduku lake, akifunga na kufungua. Nilimwambia kwamba kuamka au kutoamka ataamua mwenyewe, kwa kuwa mimi sitakuwepo na yeye ndiye atakayekuwa gizani. Nilichomwomba ni kwamba akimwona mwenzake amebaki kitandani, amwache alale.

Akafikiri kidogo. "Na yule mtoto," akasema, "jina lake nani?"

Sikulikumbuka.